Misuli ya uzee, Parkinson, ALS na Alzheimer: zoezi lipi la nguvu limfae nani?

Mzee anaanza kujisukuma kwa mikono kila anapotaka kuinuka kitini. Nyumbani wanasema ni umri tu, na mara nyingi ni kweli. Ila Parkinson nayo huweza kuanza hivyo hivyo. ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, pia. Alzheimer, miaka ikipita, humfikisha mtu hapo hapo. Anayetazama kwa nje anaona jambo moja, miguu imeishiwa nguvu, kumbe kilichoharibika ndani ni tofauti kabisa, na zoezi linalomjenga huyu linaweza kumchosha yule bure.

Nitaziweka hali hizi nne bega kwa bega kwa ajili ya yeyote anayetakiwa kuamua: anyanyue vyuma, avute mpira wa kunyumbuka, au ajinyooshe tu? Niseme mapema ninachokiamini. Wazee wasio na ugonjwa wa neva hupewa mazoezi mepesi mno, tena kwa huruma. Wagonjwa wa ALS hushawishiwa wajikaze mno, tena kwa upendo. Wote wawili wanapoteza. Kabla ya kuchagua kifaa chochote, ni lazima ujue nguvu inakatikia wapi.

Nguvu inakatikia wapi

Ili goti linyooke, amri hutoka kwenye ubongo na kushuka kwenye uti wa mgongo. Hapo hupokelewa na neva ya mwendo, ambayo ina tawi kwa kila uzi wa msuli inaousimamia. Neva moja ya paja inaweza kusimamia mamia ya nyuzi. Uzi uliokosa neva haupokei amri yoyote. Hunywea, na baadaye mafuta na kovu huchukua nafasi yake.

Uzee unapunguza kidogo kidogo kila mahali katika njia hiyo. Parkinson inavuruga amri kule juu, huku neva za mwendo na misuli vikiwa bado hai. ALS inaua neva za mwendo zenyewe, za kwenye ubongo na za kwenye uti wa mgongo. Alzheimer inaharibu kumbukumbu na mpangilio wa matendo, kisha misuli inadhoofika kwa sababu mwenyewe hatembei sana, anakula kidogo na anapungua uzito.

Uzee: hapa ndipo uzito unapofanya kazi kubwa kuliko kote

Upungufu wa misuli unaoletwa na umri huitwa sarkopenia, jina lililopendekezwa na Irwin Rosenberg mwaka 1989. Kwa makadirio ya kawaida, kuanzia miaka ya thelathini mtu hupoteza asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka 10, na akishapita 60 kasi inaongezeka. Kinachonishtua zaidi ni pengo kati ya ukubwa na nguvu. Mtu wa miaka 75 hupoteza karibu asilimia 1 ya misuli kwa mwaka, au chini kidogo ya hapo, lakini nguvu zake hupungua kwa asilimia 2.5 hadi 4. Maana yake hata nyama iliyobaki haifanyi kazi kama zamani.

Nyuzi zinazonywea zaidi ni zile za kasi, ambazo humwinua mtu upesi na kumdaka anapojikwaa. Neva za mwendo nazo zinakufa moja baada ya nyingine. Neva iliyo jirani hutoa chipukizi na kuzichukua nyuzi zilizoachwa, kama mzazi anayelea watoto wa ndugu yake aliyefariki pamoja na wake mwenyewe. Nyuzi hizo zinaokoka, ila nyingi hugeuka kuwa za mwendo wa pole. Ndiyo maana mzee anaweza kuwa na paja nene na bado akashindwa kujizuia asianguke.

Unaweza kulipima hili nyumbani. Weka kiti imara kisicho na mikono, ukiegemeze ukutani. Mzee akae, akunje mikono kifuani, ainuke mpaka anyooke kabisa, akae tena, mara 5 mfululizo. Wataalamu wa Ulaya, katika mwongozo wao wa mwaka 2019, huchukulia kwamba akipita sekunde 15 kuna sababu ya kushuku sarkopenia. Kipimo kingine, cha hospitalini, ni nguvu ya kubana kiganja: chini ya kilo 27 kwa mwanamume au kilo 16 kwa mwanamke ni dalili hiyo hiyo. Mimi nakipenda cha kiti. Hakihitaji mashine, na ukikirudia baada ya miezi 3 ya mazoezi utaona kama yanasaidia.

Je, mwili uliochoka hivyo unaweza kujengwa tena? Maria Fiatarone na wenzake walilijibu swali hili Boston mwaka 1990. Walichukua watu 10 wanaoishi katika makao ya wazee, wastani wa umri wao miaka 90, wakawapa mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki 8. Nguvu ya waliomaliza iliongezeka kwa asilimia 174 kwa wastani. Miaka 4 baadaye walirudia kwa watu 100 katika mazingira kama hayo, kwa wiki 10: nguvu ikapanda kwa asilimia 113, na kasi ya kutembea nayo ikaongezeka. Wale waliopewa kinywaji cha lishe bila mazoezi hawakupata faida hiyo. Hawa hawakuwa wanariadha wastaafu. Walikuwa wazee dhaifu, wengine wakitembea kwa fimbo.

Kwa hiyo mzee asiye na ugonjwa wa neva, akishapimwa moyo na shinikizo la damu, achague uzito wa kweli. Kanuni nyepesi: uzito anaoweza kuunyanyua mara 8 hadi 12, huku zile mara 2 za mwisho zikiwa ngumu kweli kweli. Afanye seti 2 au 3 (seti ni mzunguko mmoja wa mara hizo), siku 2 au 3 kwa wiki, akiacha siku ya kupumzika katikati. Akizoea, uzito uongezwe. Usipoongezwa, msuli hauna sababu ya kukua, na hapa ndipo vikundi vingi vya mazoezi ya wazee vinapokwama: mwaka mzima mpira ni ule ule mwepesi. Akiinua ainue kwa kasi, akishusha ashushe taratibu, maana nyuzi za kasi huamshwa na juhudi ya kwenda haraka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki kwa watu wazima wote, na kwa wenye miaka 65 na zaidi unaongeza mazoezi mchanganyiko yenye usawa wa mwili siku 3.

Chakula ni nusu ya kazi. Msuli wa mzee huitikia protini kwa uvivu, na wataalamu wengi hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hiyo bila daktari wake. Tena chunga sana siku za kulazwa: wazee wenye afya waliolazwa kitandani siku 10 kwa ajili ya utafiti walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Mgonjwa anayeweza kukaa ukingoni mwa kitanda na kuinuka mara chache kwa siku afanye hivyo.

Parkinson: msuli upo, amri ndiyo hafifu

Daktari James Parkinson aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817. Seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuamuru mwendo, ndani kabisa ya ubongo hufa, na dopamini ikipungua amri hutoka ndogo na kuchelewa. Hatua zinafupika, mkono mmoja hauyumbi mtu anapotembea, mwandiko unasinyaa. Misuli inakakamaa kiasi kwamba ule wa mbele na ule wa nyuma ya kiungo vinavutana. Mara nyingi mambo huanzia upande mmoja wa mwili. Halafu, kwa kuwa anasogea kidogo, sarkopenia ya umri inakuja juu ya yote hayo.

Kwa kuwa neva za mwendo bado ziko hai, mgonjwa wa Parkinson anaweza kunyanyua vitu vizito na akafaidika karibu kama mzee mwingine yeyote. Utafiti ulioongozwa na Daniel Corcos, uliofanyika Chicago na kuchapishwa mwaka 2013, uliwafuatilia wagonjwa 48 kwa miaka 2, mara 2 kwa wiki. Kundi moja liliongezewa uzito hatua kwa hatua. Jingine lilifanya kujinyoosha, usawa, na mazoezi ya nguvu ambayo uzito wake hauongezwi. Miezi 6 ilipofika makundi yalikuwa sawasawa. Miezi 24 ilipofika, kundi la uzito lilikuwa mbele kwa alama 7.3 katika kipimo cha mwendo, likipimwa likiwa halijameza dawa. Anayeacha baada ya miezi michache kwa sababu haoni tofauti, anaacha kabla faida hiyo haijafika.

Hata hivyo, nguvu peke yake haimzuii mgonjwa huyu kuanguka. Mwaka 2012, katika jaribio la Fuzhong Li lenye wagonjwa 195, waliofanya tai chi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, walisimama imara kuliko waliofanya mazoezi ya nguvu, na walianguka mara chache kuliko waliojinyoosha tu. Ningekuwa napanga wiki ya mtu mwenye Parkinson, ningeweka siku 2 za uzito, siku 2 za tai chi au kucheza muziki wenye mdundo, na matembezi ya haraka siku nyingine.

Jinsi ya kufanya ni muhimu kuliko kifaa. Chukua kuinuka kitini. Ukimwambia tu "inuka", amri inatoka ndogo na anarudi chini. Mwambie asogee ukingoni, arudishe nyayo nyuma ya magoti, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ahesabu kwa sauti "moja, mbili, tatu", ainuke kwa kishindo. Sauti yake mwenyewe inaupa ubongo njia nyingine ya kuanzisha mwendo. Vivyo hivyo kwa mazoezi yote: harakati kubwa kupita anavyodhani inahitajika, na hesabu isikike.

Mazoezi yapangwe saa ambayo levodopa, dawa kuu ya Parkinson, inafanya kazi. Protini nayo ina ratiba yake hapa, kwa sababu hushindana na levodopa kupita kwenye utumbo na kuingia kwenye ubongo. Wengi hushauriwa kumeza dawa nusu saa hivi kabla ya kula. Asiinuke ghafla kutoka mazoezi ya kulala chali, maana shinikizo la damu linaweza kushuka akapata kizunguzungu.

ALS: kulinda kilichobaki

Hapa nawaomba ndugu na marafiki wa mgonjwa wasome taratibu. Jean-Martin Charcot alianza kuueleza ugonjwa huu mwaka 1869 nchini Ufaransa. Marekani wengi huujua kwa jina la Lou Gehrig, mchezaji wa besiboli aliyestaafu mwaka 1939 akiwa kwenye kilele cha sifa na kufariki mwaka 1941. Wagonjwa wengi huishi miaka 2 hadi 5 tangu dalili za kwanza. Stephen Hawking, aliyegunduliwa mwaka 1963 na kufariki mwaka 2018, ni mfano adimu sana.

Neva za mwendo zinakufa, na zilizobaki zinajaribu kuzichukua nyuzi zilizoachwa, kama ilivyo kwa uzee, ila kwa kasi ambayo mwili hauwezi kuifikia. Msuli uliokosa neva haujengwi kwa uzito wowote. Ukimwambia mgonjwa ajikaze ili mkono urudi, unamdai kitu ambacho mwili wake hauna njia ya kukitoa, na akishindwa atadhani ni uvivu wake.

Je, basi asifanye kitu? Hapana. Kukaa bila kusogea kunadhoofisha hata nyuzi ambazo bado zina neva, na viungo vinakakamaa na kuuma. Jaribio dogo la mwaka 2007, lenye wagonjwa 27 walio katika hatua za mapema, lilionyesha kwamba waliofanya mazoezi ya nguvu ya wastani walikuwa na hali nafuu kiutendaji baada ya miezi 6 kuliko waliojinyoosha tu. Hakuna zoezi lililoonyeshwa kuusimamisha ugonjwa. Lengo ni kutumia vizuri nguvu iliyopo.

Mipaka ninayoiona ya busara ni hii. Msuli usioweza kuinua kiungo dhidi ya uzito wake wenyewe usiwekewe mzigo. Usogezwe na mtu mwingine, polepole, mpaka mwisho wa kiungo. Msuli ambao bado una nguvu upewe mzigo mwepesi hadi wa wastani, seti chache, na aache kabla hajachoka. Kisha tazama kesho yake: akiamka na maumivu, au akashindwa kufunga kifungo alichokifunga jana, kipimo kilizidi, kipunguzwe. Nguvu alizonazo kwa siku ni kidogo, na kuoga, kula na kuzungumza na watoto wake vinastahili kutangulia mbele ya vyuma. Asipunguze uzito wa mwili. Pumzi nayo ifuatiliwe tangu mapema, kwa kuwa misuli ya kupumua ndiyo inayoamua maisha yake.

Alzheimer: fanya kwa ajili ya miguu

Alois Alzheimer aliwasilisha habari za mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1906, na tangu hapo macho ya watu yamekuwa kwenye kumbukumbu. Mwili husahaulika, ilhali ndio unaovunjika nyonga.

Je, mazoezi yatapunguza kasi ya kusahau? Kwa watu wenye upungufu mdogo wa kumbukumbu, utafiti wa Sydney ulioitwa SMART uliona uwezo wa akili ukiimarika baada ya miezi 6 ya uzito. Kwa wenye ugonjwa kamili, jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2018, lenye watu 494, halikuona hivyo. Walipata afya ya mwili, lakini kushuka kwa akili hakukupungua. Anayekuuzia mazoezi kama tiba ya kumbukumbu kwa mgonjwa wa hatua hiyo hasemi kweli. Bado nayataka, kwa sababu mtu anayeweza kwenda msalani mwenyewe anaishi vizuri zaidi, na anayemtunza haumii mgongo.

Uzito unaweza kuwa ule ule wa mzee mwingine. Kinachobadilika ni namna ya kufundisha: zoezi 3 au 4 tu, mpangilio ule ule kila siku, chumba kile kile, na mwalimu akifanya mbele yake badala ya kueleza. Maneno mengi humchanganya. Kuinuka kitini, kupanda ngazi moja, kusukuma ukuta: mwili unayajua haya tangu zamani.

Vifaa, ukiwaweka wanne pamoja

| Kifaa | Uzee | Parkinson | ALS | Alzheimer |
|---|---|---|---|---|
| Uzito wa mwili (kiti, ukuta, ngazi) | Mwanzo mzuri, hautoshi kwa muda mrefu | Mzuri sana, kwa harakati kubwa | Pale tu panapobaki nguvu | Chaguo langu la kwanza |
| Mpira wa kuvuta | Unafaa, rangi (yaani ugumu wake) ibadilike kadiri anavyopata nguvu | Unafaa akiwa amekaa. Ukiachia ghafla humyumbisha | Mwepesi, kwa misuli yenye nguvu | Unachanganya wengi |
| Vyuma vya mkononi | Bora | Bora, asimamiwe kama anatetemeka sana | Mara chache | Hatua za mapema, na msimamizi |
| Mashine za jimu | Bora kwa anayeogopa kuanguka | Bora kwa uzito mkubwa | Sipendekezi bila mtaalamu | Ikiwa kuna mtu wa kuzipanga |

Kwa mzee mwenye bajeti ndogo, kiti na mkoba uliojazwa vitu vizito unaoshikwa kifuani vinaweza kumtosha kwa miezi mingi ya mwanzo. Mtu mwenye Parkinson ningemwomba atumie fedha kwa mtaalamu wa fiziotherapia kwanza, hata kwa vipindi vichache, kisha anunue vyuma. Kwa ALS mtaalamu ni wa lazima, na mpango upitiwe upya kila baada ya wiki chache kwa sababu mwili wa mwezi huu si wa mwezi ujao.

Kabla ya kuamua kwamba ni umri tu

Udhaifu wa uzee huja taratibu, pande zote mbili, na mapaja ndiyo hulalamika zaidi. Nenda kwa daktari bila kungoja kama upande mmoja umedhoofika kuliko mwingine, kama nyayo inaburura, kama sauti imebadilika au chakula kinapalia. Tazama nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa nyuma ya kiganja: ikibonyea upande mmoja tu, mwonyeshe daktari. Misuli inayochezacheza chini ya ngozi yenyewe si ajabu kwa mtu aliyechoka. Ikiambatana na kukonda na kuishiwa nguvu, ichunguzwe na daktari wa neva. Udhaifu uliotokea kwa ghafla, ndani ya dakika au saa, unaweza kuwa kiharusi, na huo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.

Unapokwenda, chukua vitu viwili: sekunde za kipimo cha kiti ulizoandika pamoja na tarehe, na orodha ya kazi ambazo mgonjwa alikuwa anaziweza miezi 6 iliyopita na sasa haziwezi. Daktari ataona mengi kwenye karatasi hiyo kuliko kwenye sentensi "anachoka siku hizi".